Ungo wa Pudensiana

Jumatatu saa nne asubuhi, halmashauri ya kijiji cha Kisalala, kule Mpimbwe, ilipiga kura juu ya swali lililoulizwa na kompyuta.

Ajenda ilikuwa moja tu. Kwa miaka tisa kumbukumbu za mashamba ya kijiji kizima zilikuwa zimekaa kwenye diski moja: vipimo, ramani, na picha ya kila mwenye shamba amesimama kwenye ardhi yake, ameshika kibao chenye namba. Wakulima walikuwa mia mbili sitini na nane, wafugaji mia moja arobaini na tatu. Msimu uliopita ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mpunga mara tatu, na wazee wakasema haiwezekani picha zao zilale chumba kimoja na picha za watu wenye ng'ombe. Diski ikatwe katikati, kila upande upate chumba chake.

Selestine, mtendaji wa kijiji, ndiye aliyekaa kwenye kompyuta, maana hakuna mwingine aliyejua hata pa kuiwashia. Akaweka ukuta katikati ya diski. Mashine ikasema chumba cha pili kisafishwe kwanza ndipo kitumike, kisha ikauliza kama ana uhakika. Selestine akageuka, akawatafsiria wajumbe. Mwenyekiti Damiano akasema swali zito namna hiyo halijibiwi na mtu mmoja. Wanaosema ndiyo wanyooshe mikono. Mikono kumi na saba ikanyooka. Mjumbe wa kumi na nane, Marsela, alikuwa nje ananyonyesha. Muhtasari ukaandikwa kwamba kikao kiliridhia kwa kauli moja, na Selestine akabonyeza.

Faili za wafugaji zilikuwa tayari ndani ya chumba kile cha pili. Nakala za karatasi zilishaliwa na mchwa mwaka juzi.

Kuanzia mchana ule, wafugaji wa Kisalala hawakuonekana tena na mtu yeyote mwenye muhuri. Watu wa kawaida waliwaona kama siku zote, wakasalimiana nao kisimani na kusukumana nao kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Lakini bwana mifugo aliona ng'ombe wakipita barabarani na fimbo ikielea nyuma yao, akaandika kwenye ripoti kwamba kuna ng'ombe mia nane wasio na mchungaji, wenye nidhamu nzuri. Mwalimu mkuu aliita majina darasani, madawati matupu yakamjibu "nipo", akayaandika watoro. Selestine naye, ambaye muhuri wa kijiji ulishinda kwenye mfuko wake wa shati, hakumwona hata mmoja.

Wiki ile Selestine hakula chakula kikamshuka. Watu wale alikuwa amewapima kwa miguu yake mwenyewe, miezi miwili, kiangazi kikali, akilala kwao na kunywa maziwa yao. Na timu ya upimaji ilikuwa inakuja Ijumaa ya wiki ya pili kutoa hati. Asiyekuwa kwenye diski, shamba lake lingehesabiwa eneo la wazi na kupangiwa matumizi mengine. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini ya Selestine hayakusubiri hata yazaliwe.

Jumatatu iliyofuata mtu akapiga hodi ofisini. Selestine akasema karibu. Jembe lenye udongo mbichi likaingia mlangoni, likaegemea ukuta, na benchi la wageni likalia.

"Mwangaluka, mtendaji," sauti ikaamkia kwa Kisukuma. "Ni mimi Nyanzala, mke wa marehemu Luhende."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmetufuta?"

"Tumewafuta, mama," akasema Selestine. "Kwa kauli moja."

Selestine aliona aibu, akaangalia meza.

"Basi kesho twende Mpanda," akasema Nyanzala. "Kuna binti wa huku kwenu, Pudensiana, anaokoa vitu hivyo. Nitakusindikiza. Wewe hunioni, lakini mimi nakuona."

Wakapanda basi la asubuhi. Kondakta hakuwa na muhuri, kwa hiyo alimwona Nyanzala vizuri na kumwambia asogee dirishani. Selestine akakaa pembeni ya kiti ambacho juu yake dumu la maziwa mgando lilikuwa limetulia hewani, usawa wa magoti. Walipokuwa wanakatiza hifadhini mbung'o waliingia, wakawauma wote wawili bila kubagua.

Pudensiana alikuwa anaishi mtaa wa Misunkumilo, nyumba ya mwisho kabla ya majaruba ya mpunga. Kwenye baraza lake kulikuwa na kompyuta zilizotumbuliwa, redio mbili, na ungo umetundikwa msumarini. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mnene kiasi, mwenye sauti ya mtu asiyeharakishwa na jambo lolote duniani.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema Selestine.

"Milele amina. Karibuni. Shikamoo mama, kaa hapo kwenye kigoda."

Selestine akaona miguu ya kigoda ikizama kidogo kwenye udongo. Akaeleza habari yote, kuanzia mpunga mpaka mikono kumi na saba. Pudensiana hakucheka wala hakutikisa kichwa. Aliuliza kitu kimoja.

"Tangu siku ile umeandika chochote juu yake?"

"Hapana. Niliogopa hata kuiwasha."

"Basi umewaokoa nusu. Mtu akipoteza anahangaika, anaweka hiki, anaweka kile, kumbe analima juu ya mbegu." Akaipokea diski, akaipima mkononi. "Mlichofuta nyie ni mpaka. Ukifuta mpaka wa shamba mahindi hayakauki. Yapo, ila hakuna anayejua ni ya nani."

Maneno yale yalimtoa Selestine jasho la nafuu.

Pudensiana akachukua bisibisi, akafungua skrubu moja moja na kuzipanga kwenye kifuniko cha chupa. Kufungua alifundishwa chuoni, miaka miwili. Kupeta alifundishwa na bibi yake, mwanamke wa Kipimbwe, tangu hajaota meno ya utu uzima. Akautungua ungo, akaufuta kwa khanga, akaiinamisha diski juu yake na kuigonga taratibu kwa kidole, kama mtu anayetoa chumvi ya mwisho kwenye mkebe. Vikamwagika vingi, vya kijivu, vyepesi, vimechanganyika. Akasimama ukingoni mwa baraza, akapiga mluzi mwembamba wa kuita upepo. Upepo wa kabla ya mvua ukaja.

Basi hapo Selestine aliona kazi. Pudensiana alirusha na kupokea, akarusha na kupokea, mabega yametulia, viganja tu ndivyo vinavyozungumza. Makapi yakaruka: matangazo ya simu, kadi za mwaka mpya, nyimbo za Bongo Fleva zilizohifadhiwa mara nne nne. Yalianguka kwenye majaruba ya jirani, na wimbo mmoja ukasikika ukiimba kidogo kwenye matope, kisha ukanyamaza. Punje zikabaki. Alizitenga kwa kuutikisa ungo upande upande, chenga huku, nzima kule, bila kuzigusa. Kuna watu wana vyeti mpaka ukutani pamejaa, na hawawezi kufanya robo ya kile. Kuku wa jirani alikuja mbio kutaka kudonoa, fimbo ikainuka yenyewe kutoka pembeni ya kigoda na kumfukuza.

"Asante mama," akasema Pudensiana, bila kuacha kupeta.

Punje zilikuwa mia moja arobaini na tatu. Alizihesabu mara mbili, akazimimina kwenye diski mpya, akaiunganisha na kompyuta.

"Sasa nisikilizeni vizuri," akasema. "Punje ikishapetwa haikumbuki jina la mwenye shamba, wala siku iliyovunwa. Majina tutayaandika upya, kama yupo anayeyajua. Tarehe siwezi. Kila kitu kitasomeka cha leo, Jumanne."

"Tarehe si kitu," akasema Selestine. Alikuwa na furaha mno.

Picha ya kwanza ikafunguka. Mwanamume ameshika kibao mkono mmoja, mkono mwingine uko shavuni.

"Mwandu," ikasema sauti ya Nyanzala. "Siku hiyo alikuwa anaumwa jino. Andika wake zake wawili, watoto kumi na mmoja. Mmoja ni marehemu, lakini mwandike."

Zikafuata nyingine. Nyanzala alitaja kila mtu, na baba wa kila mtu, na njia aliyopita kuja Kisalala, na ng'ombe aliyekuja mbele ya kundi. Hakurudia, hakukosea, hakuomba maji. Selestine aliandika mpaka vidole vikafa ganzi. Miaka tisa iliyopita aliandika mambo haya kwa miezi miwili, na mama huyu alikuwa nayo yote kichwani, yamepangwa, bila diski. Mwalimu mkuu alisema baadaye kwamba mchana ule wanafunzi walianza kuonekana darasani mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu usiofuata alfabeti.

Namba tisini na saba ilikuwa ya mzee mrefu mwenye kofia ya sufu, anacheka. Pembeni yake yupo mwanamke amekunja mikono.

Sauti haikuja. Pudensiana akaacha kibonyezo, akasubiri.

"Huyu ni wangu," akasema Nyanzala mwishowe. "Luhende. Nilimwambia avue ile kofia, akakataa. Na huyo ni mimi."

Selestine akaandika. Alipomaliza, akaona kwenye kigoda miguu miwili yenye nyufa, halafu gauni la kitenge cha buluu, mikono, na mwisho uso wa mwanamke wa miaka sitini hivi, umelowa machozi, unamtazama.

"Umenenepa, mtendaji," akasema Nyanzala.

Selestine alishika mikono yake yote miwili, akaanza naye kulia, na hakuona haya. Pudensiana akaingia ndani kuchukua vikombe. Wakanywa yale maziwa mgando, wakamaliza picha arobaini na sita zilizobaki.

Ijumaa timu ikafika na magari mawili. Kiongozi wake aliitwa Fredrick, mtu mpole, mwezi wa pili tu tangu ahamie mkoani, muhuri wake ameuning'iniza shingoni kwa kamba. Familia mia moja arobaini na tatu zilikuwa zimesimama kila moja kwenye shamba lake, wamevaa nguo za sikukuu. Fredrick aliwaona wote. Alipita kwa kila mtu, akawaamkia wazee, akashika watoto vichwa. Kazi akaianzia kwa Nyanzala, akapewa kigoda na kikombe cha maziwa, akafungua kompyuta yake magotini.

"Kumbukumbu nzuri sana hizi," akamwambia Selestine. "Nimepita vijiji vingi, sijaona zilizonyooka namna hii." Akasoma kidogo. "Ila hawa wamefika Jumanne."

"Jumanne ipi?"

"Ya wiki hii. Mfumo unasoma tarehe ya faili, kaka."

Selestine akaeleza. Alieleza kura, ukuta, ungo, upepo, hata kuku. Fredrick alisikiliza mpaka mwisho, na hakuna mahali alipotilia shaka.

"Kupeta nakujua, mama yangu ni fundi wa kupeta," akasema. "Na wewe nakuamini. Lakini hati ni za waliokuwepo kabla ya mwaka huu. Wa Jumanne ni wageni."

"Mimi ndiye niliyewapima. Miaka tisa iliyopita, kwa miguu hii."

"Nakuamini, kaka."

"Na hili kaburi?"

Kaburi la Luhende lilikuwa hatua kumi kutoka walipokaa, limesakafiwa, mwaka umeandikwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi. Fredrick aliinuka, akavua kofia, akasoma jina na mwaka. Akampa Nyanzala pole. Akavaa kofia, akarudi kukaa, akaandika: eneo la wazi.

Kisha Fredrick akamgeukia Nyanzala na kumpa mkono, kwa moyo mweupe kabisa.

"Karibu sana Kisalala, mama. Mtapazoea."

Nyanzala akamjazia kikombe cha pili.

"Asante, baba. Nyie Waswahili si mna msemo, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe?"

"Upo, mama."

"Jumanne, Jumatano, Alhamisi." Alihesabu kwa vidole, polepole. "Leo ya nne. Jembe sikusumbui, ninalo, nimelibadilisha mpini mara sita hapa hapa. Nionyeshe tu pa kulima."

Fredrick akacheka kwa heshima. Akamaliza maziwa, akasema ni matamu, akapiga picha ya eneo la wazi. Nyanzala yumo kwenye picha ile, katikati kabisa, anaonekana vizuri, na kaburi liko mkono wake wa kushoto. Kisha magari yakawashwa, yakaenda kwa Mwandu.

Selestine alibaki amesimama. Nyanzala aliosha kikombe, akakifunika. Akavua kandambili, akazipanga pembeni ya kaburi, akachukua jembe na kuanza kulima palepale alipoishia Jumatatu.