Mfuko wa Spana

Mke wangu alikuwa ameniagiza mfuko wa turubai wa kuwekea spana zake zote, zikae humo moja kwa moja. Wiki ya tatu hiyo nilikuwa nampiga danadana. Mara uzi umekwisha, mara sindano imevunjika, mara njoo kesho. Sisi mafundi cherehani tunajulikana kwa kesho zetu, kwa hiyo hakushtuka. Ukweli ni kwamba kitambaa kilikuwa kimekunjwa chini ya cherehani yangu, na sikutaka kukishona.

Tunafanya kazi chumba kimoja. Upande wa mlangoni ni wake: pikipiki, jiriwa, madebe ya mafuta. Upande wa dirishani ni wangu: cherehani, pasi, nguo za watu. Katikati nimechora mstari wa chaki, na ole wake mwenye grisi atakayeuvuka. Mwezi uliotangulia shokapu mbili za pikipiki zilikuwa zimemshinda kufungua, akazipeleka kwa fundi wa kona, kijana mwenye mikono kama koleo. Aliporudi alisema ya tatu ikimshinda anaacha kazi. Ndipo akaniagiza mfuko.

Ya tatu ililetwa asubuhi moja na mkunga wa mtaa wetu. Shokapu ya mbele ilikuwa inavuja mpaka mafuta yanafika kwenye breki. Mke wangu akaichomoa, akamwaga mafuta, akatoa springi, akaibana kwenye jiriwa. Ikabaki bolti moja tu, ile ya chini kabisa inayoshika mrija wa ndani. Isipotoka hiyo, mirija haiachani na sili mpya, ule mpira wa kuzuia mafuta, haiingii. Akaizungusha. Ikazunguka vizuri sana, na mrija wa ndani ukazunguka nayo. Namna hiyo unaweza kuzungusha mpaka kiyama.

"Mpumbavu gani alikaza hii?" akafoka. "Huyu hakukaza, huyu alizika! Yeye na aliyemfundisha, wote hamnazo!"

Mkunga alikuwa amekaa kwenye benchi, kofia ya pikipiki mapajani. "Mama fundi, kama inasumbua, nitaipeleka pale kona. Jioni nina zamu."

Mke wangu akaendelea kuzungusha, jasho likimtoka. Nikanyanyuka, nikasogea mpaka kwenye mstari wangu nione vizuri. Pembeni ya kichwa cha bolti, chini ya tope, palikuwa na kidoa chekundu.

Nilikijua mara moja. Mke wangu hapaki rangi kwenye kucha hata siku moja. Chupa ya rangi hiyo anayo kwa ajili ya bolti. Kila anayoikaza akaridhika nayo, anaitia doa. Hakukiona kwa sababu miwani yake imelala kwenye droo yangu, anasema ni ya wazee. Kumwambia mtu aliye mbioni kuacha kazi kwamba anashindwa na mkono wake mwenyewe, sikuthubutu.

"Unakodolea nini?" akaniuliza.

"Huo mrija wa ndani ukishikwa usizunguke, bolti si itafunguka?"

"Itafunguka. Zamani nilikuwa nachonga mpini wa ufagio, nauingiza kwa juu, naubana kwa tumbo huku nazungusha kwa mkono. Siku hizi yote mawili kwa pamoja siyawezi."

Nikachukua ufagio wangu mpya wa kufagilia vipande vya nguo, nikamnyooshea. "Chonga. Mimi nitabana."

"Wewe? Na hilo shati jeupe?"

"Kitambi hiki umekilisha mwenyewe miaka ishirini na sita. Leo kifanye kazi."

Akachonga ncha mpaka ikaenea ndani ya mrija. Nikavuka mstari. Nikauegemea mpini kwa tumbo, nikasukuma, mafuta yakanichuruzika kifuani.

"Sukuma, mume wangu! Mbona unabembeleza?"

Nikasukuma mpaka masikio yakavuma. Yeye akaikamata spana kwa mikono yote miwili, akaivuta kwa uzito wake wote. Kitu kikalia ka! Nikadhani ni ubavu wangu. Kumbe bolti.

Mkunga akapiga makofi. Mke wangu akaifuta bolti kwa kidole, akaisogeza karibu na macho, akaipeleka mbali, akaisogeza tena.

"Hii pikipiki," akamuuliza mkunga taratibu, "nani mwingine amewahi kuishika?"

"Nani tena? Ni wewe tu, mama fundi."

Akanikata jicho. "Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Ulipokwisha tu kumtukana baba mkwe."

Maana aliyemfundisha kazi ni baba yake mzazi. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, ubavuni mwa dimbwi la mafuta. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu ile shokapu ya kwanza imshinde, na nilifurahi hata shati nikalisahau.

Sili mpya ikaingia kabla ya saa sita. Safari hii aliikaza bolti kwa kiasi, mimi nikiwa nimebana mpini, akaitia doa lake jekundu. Mkunga akawasha pikipiki akaenda zake.

"Ule mfuko wangu umefikia wapi?" mke wangu akauliza, akinawa mikono.

Nikasema, "Kesho."

"Wewe na kesho zako. Kitambaa unacho?"

"Kipo."

"Basi kishone aproni mbili." Akanipima kwa macho kutoka juu mpaka chini. "Yako iwe pana."

Nilizimaliza siku ile ile.