Taulo la Tisa

Mume wangu ni kinyozi na ni mwongo. Nasema hivyo kwa mapenzi, tena nasema mbele yake. Uongo wake si wa kumdhuru mtu. Ni wa kupiga chuku tu. Akifukuzwa na mbwa mmoja, mpaka afike nyumbani mbwa wameshakuwa watatu. Akinyeshewa na manyunyu, kwake ni mafuriko. Na chochote kinachomtokea, awe mbwa, awe waziri, lazima mwishowe kimsemeshe, na lazima kimwite "Fundi." Wateja wake wamempa jina la Chumvi. Nusu yao nywele za kunyoa hawana, wanakuja kusikiliza.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu na chake vimetenganishwa na pazia, na nyuma yetu kuna ua mmoja wenye tangi la maji na kamba ya kuanikia. Nikikwambia gauni lako ni Alhamisi saa tano, njoo Alhamisi saa tano. Sijui kumzungusha mtu. Mtaa mzima unajua kwamba ukitaka kucheka unapitia mlango wa kwanza, ukitaka ukweli unapitia wa pili. Tumeishi hivyo miaka ishirini na saba, kila mtu na mlango wake, na wangu nilikuwa najivunia kupita kiasi.

Sasa habari yenyewe ni hii, na nitaisema bila chumvi.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, jua limewaka vizuri. Mume wangu alitoka uani kuanika mataulo ya kazini, tisa kwa jumla. Kazi hiyo anaichukia, kwa hiyo huwa anaimba kwa hasira. Nikasikia wimbo umekatika katikati. Nilikuwa nabana upindo wa gauni la bi harusi, pini kumi na moja nimezishika kwa midomo, nikaenda mlango wa nyuma kuchungulia kama ameanguka.

Hakuwa ameanguka. Juu ya tangi la maji kulikuwa na kitu cha mviringo, cheupe, kipana kiasi cha meza ya watu sita, kimeelea hewani bila mlio wowote. Chini yake, penye kamba, alisimama mtu ambaye hakuwa mtu. Alikuwa mwembamba, mrefu wa kufikia kamba bila kujinyoosha, na kichwani kipara kitupu. Alikuwa anagusa mataulo. Aliyagusa moja moja kwa ncha za vidole, kama wateja wangu wanavyochagua kitambaa. Alipofika la tisa, lile la buluu nililoliunguza pembeni kwa pasi, akalitoa kwenye kamba, akalinusa, akalikunja vizuri pembe kwa pembe. Kisha akapanda nalo juu, ngazi hakuna, na kile kitu kikatoweka.

Basi, hayo tu. Kiumbe hakusema neno. Mume wangu naye, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakusema neno. Mimi ningepiga kelele, lakini wewe jaribu kupiga kelele na pini kumi na moja mdomoni. Mume wangu akageuka, akaniona mlangoni, tukatazamana. Kisha nikarudi ndani, nikakaa kwenye cherehani, nikashona upindo mzima bila uzi kwenye sindano.

Kufikia saa sita hadithi ilikuwa imeshaiva upande wa pili wa pazia. Viumbe walikuwa watatu, macho yao ya kijani na yanawaka. Walimwita "Fundi." Walimsihi aende nao juu akawe kinyozi wao.

"Si umesema wana vipara?" akauliza Mwalimu Mstaafu, ambaye benchi la pale ni kama amelirithi. "Sasa utawanyoa nini?"

Watu wakavunjika mbavu. Mume wangu akacheka nao, halafu akasema maneno ambayo hajawahi kuyasema katika hadithi zake zote.

"Hii sijatunga, jamani. Muulizeni mke wangu. Alikuwepo."

Pazia likafunguliwa, vichwa vitano vikachungulia. "Mama, ni kweli uliona?"

Nyuma yao nilimwona mume wangu, kitana mkononi, ananiangalia kwa matumaini. Na mimi nikawaza jina langu. Nikamwaza bi harusi na mama yake, nikauwaza mlango wangu wa pili.

"Mimi nilikuwa ndani nashona," nikasema.

Walicheka mpaka mmoja akadondoka kwenye benchi.

Mume wangu hakunilaumu. Angenilaumu ningepata la kumjibu, maana kwa kujibu sijambo. Alichofanya ni kunyamaza. Siku ya kwanza nikadhani amechoka. Wiki ya pili bado nasikia mashine tu inanguruma, shuka linakung'utwa, "haya, karibu tena," basi. Wakimchokoza, "Chumvi, wale wa angani wameleta salamu?" anajibu, "Niliota tu." Benchi likaanza kupungua watu. Nyumbani alikuwa anakula vijiko viwili, anasukuma sahani. Miaka yote nilimwomba aninyamazie walau saa moja nipumzike, na sasa alikuwa amenyamaza na nyumba haikaliki. Nilimkosa mume wangu ilhali amekaa mbele yangu. Nilitamani hata wale mbwa watatu.

Najua unataka kuniuliza kwa nini sikumwomba msamaha. Nilijaribu. Kila nikifungua mdomo nilijikuta namuuliza kama anataka chai.

Aliyeivuruga hali hiyo ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mwanamke asiye na jambo dogo. Bila kumwambia mtu aliandikia chama kimoja cha watu wanaofuatilia mambo ya angani, na Jumamosi ya nne akatuingilia na mgeni, hodi na karibu amezisema mwenyewe. Mgeni alikuwa mwanamume wa makamo, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, ana kinasa sauti na daftari kubwa jekundu. Akajitambulisha kuwa ni Mtafiti.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Kila shahidi anahojiwa peke yake. Maelezo yakilingana, anafungua lile daftari na kugonga muhuri: Mashahidi Wawili, Kauli Moja. Katika miaka kumi na mmoja alikuwa ameugonga mara mbili tu.

"Na ukigongwa huo muhuri," wifi akasema kwa sauti ya kufika barabarani, "nani tena atamcheka kaka yangu?"

"Dada, achana na haya mambo," mume wangu akasema. "Shahidi ni mimi tu. Mke wangu hakuona kitu."

Hata pale alikuwa ananifichia.

"Nihoji na mimi," nikamwambia Mtafiti.

Benchi zima likageuka. Mume wangu akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza baada ya mwezi mzima.

Akaanza yeye. Wateja walitolewa barazani, pazia likashushwa, na wifi akanikalisha kwenye kiti changu, akanilinda utadhani nimeiba. Maneno hayakusikika vizuri. Kwenye upenyo wa pazia niliona mikono ya mume wangu tu, na mikono ile naijua. Mara ikafunguka, ikapanuka mpaka mwisho. Mikono ikipanuka hivyo, mbwa ni watatu.

"Ameshafungulia bomba," wifi akaninong'oneza.

Alizungumza karibu saa nzima. Jambo la dakika tatu, saa nzima! Hapo nikapiga hesabu zangu. Yeye akisema watatu na mimi nikasema mmoja, mwongo ni yeye, tena kwa muhuri, tena kwa mdomo wangu, mara ya pili. Kumtoa kule alikofika nisingeweza. Ilibaki mimi kumfuata. Mimi wa Alhamisi saa tano!

Nikaanza kujisomea somo. Kwake mmoja huwa watatu. Kimya husema. Kinachosema humwita Fundi. Miaka ishirini na saba si mchezo. Uongo wa mume wangu ningeweza kuukata na kuushona bila kuupima.

"Walikuwa wangapi?" Mtafiti akaniuliza ilipofika zamu yangu.

"Watatu."

"Macho yao?"

"Kijani. Yanawaka."

"Walisema lolote?"

"Walimwita mume wangu Fundi. Walitaka aende nao."

"Walichukua kitu?"

Nikafikiri. Taulo moja kwa mume wangu haliwezi kubaki moja. "Mataulo yote tisa," nikasema. "Na kamba."

Mtafiti akainua macho. "Na kamba?"

"Na vibanio vyake." Nisikufiche, nilikuwa nimeanza kunogewa.

Alipomaliza akawaita watu wote waingie, mume wangu, wifi, na benchi zima. Akafungua karatasi zake.

"Mzee hapa," akasema, "amenipa maelezo safi kuliko yote niliyowahi kuandika. Kiumbe mmoja. Hakutoa sauti. Alichukua taulo moja la buluu, lililoungua pembeni. Hata urefu wa kamba amenionyesha kwa mikono, nikaenda kupima, hakukosea." Kisha akakohoa. "Sasa, mama... samahani sana, mama. Umesema kamba ilichukuliwa. Lakini kamba ipo pale nje. Ina shuka."

Benchi likaangua kicheko.

"Kumbe Chumvi ni mke!" Mwalimu Mstaafu akapiga goti kwa kofi.

Uso uliniwaka. Lakini kilichonichoma si kicheko. Niliona nimemharibia mume wangu tena, na safari hii kwa kumpenda.

Mume wangu akasimama.

"Futa," akamwambia Mtafiti.

"Nifute nini, mzee?"

"Maelezo yangu. Mke wangu hasemi uongo, uliza mtaa wote huu. Kama amesema watatu, basi walikuwa watatu. Mimi kuhesabu kunanishinda."

Kicheko kikakatika. Mwanamume yule alikuwa ameaminiwa kwa dakika mbili katika maisha yake yote, na dakika hizo mbili alikuwa ananipa mimi, ili mlango wangu usichafuke. Machozi yakanitoka mbele za watu na sikuyafuta.

"Kaa chini, baba watoto," nikasema. Nikawageukia wa benchini. "Alikuwa mmoja. Nilikuwa mlangoni na pini kumi na moja mdomoni. Siku ile mliponiuliza nikawaambia nilikuwa ndani, niliwadanganya. Niliogopa mtanicheka kama mnavyomcheka yeye. Na leo nimedanganya tena kwa sababu nilidhani yeye atadanganya. Mkweli wa nyumba hii ni mmoja, ni huyu hapa. Taulo lilikuwa moja. Nililiunguza mwenyewe kwa pasi."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Mstaafu akavua kofia, akaiweka magotini, akamtazama mume wangu kwa muda mrefu.

"Kumbe kweli," akasema polepole.

Mtafiti aligeuza kurasa, akafunga daftari. Mashahidi wamebadili kauli hadharani, muhuri haugongeki. Alituomba radhi kwa adabu, na wifi akamsindikiza barabarani akimfokea kana kwamba kiumbe yule amemfukuza yeye.

Tulipobaki wawili tulitoka uani kuanua lile shuka.

"Nisamehe," nikasema. Safari hii chai haikujitokeza.

"Ulinikosesha raha, mama watoto," akasema. "Sikukasirika. Niliumia."

"Najua. Lakini leo kwa nini hukuongeza hata kidogo?"

"Nilijua wewe utasema kama ilivyokuwa. Nikaona nikiteleza neno moja, nitakuangusha."

"Na saa nzima ulikuwa unasema nini?"

"Maswali yalikuwa sitini na mbili. Halafu ilibidi nipumzike kila mara." Akapangusa paji la uso. "Ukweli unachosha. Sijui wewe unauwezaje."

Nikacheka mpaka nikashika kamba nisianguke.

Saa tisa alasiri nilikuwa kwenye cherehani, pini mdomoni, nabana suruali ya mteja. Upande wa pili mashine ilinguruma, ikazimwa. Nikaisikia sauti yake. Ilianza chini, ikapanda kidogo kidogo, nami nikaacha kubana nikasikiliza.

"Basi bwana, wakashuka watatu..."

"Ah, Chumvi! Si tumeambiwa alikuwa mmoja?"

"Nani kakwambia? Muulizeni mke wangu!"

Pazia likafunguliwa. Vichwa vitano vilevile vikachungulia, na nyuma yao mume wangu, kitana mkononi, ananiangalia. Nikazitoa pini mdomoni moja moja, nikazichomeka kwenye kimto cha pini, bila haraka.

"Wanne," nikasema. "Kuhesabu ndiko kunamshinda."