Firigisi ya Mheshimiwa

Bwana Kolman alianzia kazi kwenye shamba la mkonge karibu na Mnyuzi, kijana wa Kiingereza mwenye kaptura na Kiswahili cha kuamrisha. Wakata mkonge walipogoma alisimama upande wao, akafukuzwa. Kwao Uingereza wachimba makaa wakamchagua kuwa mbunge, na humo bungeni akapiga kelele mpaka tukapata uhuru. Marehemu baba yangu, Kibwana, aliyegoma pamoja naye, hakuchoka kumtaja. "Yule ana mdomo," alisema.

Mwaka 1974 Bwana Kolman akaja Handeni, mvi kichwa kizima, mgeni wa serikali. Sisi tulikwisha amriwa kuhamia kijiji cha ujamaa kando ya barabara ya Mkata, lakini mama yangu, Hajira, alikuwa hajatoka. Mahindi yake yalikuwa yanabeba. Akiyaacha, nguruwe wangeyamaliza, na ghalani hamkuwa na kitu. Alitaka jambo moja tu: avune kwanza.

Akachinja jogoo, akampelekea mgeni, firigisi juu ya ugali. Kwetu mwanamke haili firigisi. Ni ya baba. Mama aliamini kwamba mgeni akiila, amebeba nyumba yako na shida zake.

"Mimi mke wa Kibwana wa Mnyuzi," alimwambia. "Nisemee kwa wakubwa, Bwana. Wasinihamishe sijavuna."

"Kibwana! Namkumbuka sana." Akaila firigisi, akamshika mama mkono kwa mikono miwili.

"Mwanangu Tatu, kaila," mama aliniambia njiani, anacheka. "Yamekwisha."

Kesho yake mheshimiwa alihutubia mkutano. Alisema tuko huru, na si kazi ya Mwingereza tena kutuambia la kufanya. Maneno mazuri, ya haki kabisa, ndiyo maana yananichoma hadi leo. Mama alingoja lile la mahindi. Mgeni akapanda gari, akapunga mkono.

Wiki ile ile mgambo wakaichoma nyumba. Nguruwe wakala mahindi. Mdogo wangu Kudra alikufa kwa njaa kabla ya mvua za vuli.

Miaka mingi baadaye, sikukuu ya Idi, redio ikatangaza kifo cha Bwana Kolman, mtetezi wa wanyonge. Wajomba wakamsifu kwa heshima, wanangoja chakula. Mama akaiopoa firigisi chunguni, akaila mbele yao, akatafuna taratibu mpaka ikaisha.