Upana wa Jora

Mama Futi, fundi cherehani, hakumwamini mtu. Hata kivuli chake alikitazama mara mbili. Tajiri wa Majora, muuza vitambaa, alipopeleka ombi mahakamani fundi huyo afilisiwe kwa deni la vitambaa, Mama Futi hakulia. Alikunja uso tu.

"Mbona mbio hivi? Anayedai pesa hudai pesa. Huyu anataka nifutike mtaani."

Wakili wake alikuwa mtoto wa dada yake. "Mamdogo, deni hatulikani. Tunasema na sisi tunamdai, tena zaidi. Kitambaa chake kilisinyaa kwa kufuliwa mara moja tu, shule ikakurudishia sare zote. Hakimu akiona dai letu lina mashiko, ombi linaanguka. Asipoona, cherehani zako sita kwaheri."

"Na wewe nani anakulipa?"

"Wewe, Mamdogo. Nikibahatika."

Siku ya kesi, Tajiri aliingia na meno yote nje, kakumbatia kipande cha kitambaa.

"Mheshimiwa, kimetoka jora lilelile. Kilowekwe hapa hapa. Kikipungua hata unywele, nakitafuna!"

Karani akakitandaza mezani, akachora kingo zake kwa chaki, akakizamisha ndooni. Kilipokamuliwa na kutandazwa tena, kililala sawasawa juu ya mistari ya chaki kama kimepimiwa jeneza. Wakili akalowa jasho kuliko kitambaa.

Mama Futi ndiyo kwanza akazidi kushuku. Tangu lini bahili akaja na zawadi? Akakisugua kwa kidole: laini mno, hakina ule ukakamavu wa kitambaa kipya. Akavuta futi shingoni.

"Mheshimiwa, kingo zote mbili ni za kiwandani, hakijakatwa upana. Ankara yake inasema inchi sitini. Hapa nasoma hamsini na sita. Nne zimekwenda kunywa chai?"

Tajiri akajitetea. "Tu... tulikifua kidogo. Kilikuwa na vumbi."

"Kabla ya kukileta?" hakimu akauliza.

"Mara mbili tu, mheshimiwa."

Chumba kikaangua kicheko. Hakimu hakucheka, aliandika. Kitambaa kibaki mahakamani. Dai la fundi si la kubuni. Ombi la kumfilisi limetupwa. Waende wakadaiane kwa kesi ya kawaida.

Kwenye ngazi, Tajiri akamkimbilia Mama Futi. "Dada yangu, tuyamalize kindugu basi."

"Andika."

Tajiri akachomoa kalamu.

"Si kwa kalamu yako," akasema Mama Futi.