Mbuzi Havai Kizibao

Shemeji alileta gari gereji asubuhi, boneti imebonyea na taa moja imevunjika. Alisema amegonga mbuzi. Fundi wa bodi, kaka wa mke wa huyo bwana, aliyemlea dada yake tangu wazazi wao walipofariki, aliinama kuangalia. Kwenye kioo cha taa kilichopasuka kulikuwa kumenasa kipande cha kizibao cha rangi ya machungwa, kile wanachovaa wafagia barabara. Mtaa mzima ulishajua kuwa mama mmoja mfagiaji ameokotwa kando ya njia akiwa maiti.

“Mbuzi wako alivaa kizibao?” fundi aliuliza.

Shemeji alikaa juu ya tairi kuukuu. “Nilimwacha bado anapumua,” alisema. “Niliogopa, shemeji. Lakini nikifungwa, atafufuka? Dada yako na watoto watakula nini? Wewe nyoosha tu, yaishe.”

Fundi alishika nyundo, kisha akairudisha chini. Akachukua ufunguo wa gari, akaenda kituo cha polisi kwa miguu.

Jioni dada yake alikuja, macho makavu. “Ulinilea ili uje univunjie nyumba?”

“Yule mama naye alikuwa na watu wake.”

“Na mimi ni nani wako?”

Tangu hapo dada mtu akikaribia gereji huwashika watoto mikono na kuvuka upande wa pili, na fundi huacha kugonga bati mpaka wapotee machoni.