Kura ya Savoia

Mwaka ule wa 2014, Samia alitakiwa atoe mhadhara katika chuo cha wasichana mjini Riyadh, juu ya Viktor Emanueli, mfalme wa kwanza wa Italia iliyoungana. Alikuwa hajawahi kusimama mbele ya ukumbi mzima, kwa hiyo kila alasiri alijizoeza sebuleni. Msikilizaji wake alikuwa Rispah, akipiga pasi.

Rispah alitoka Vihiga, Kenya, na alikuwa ameanza mwaka wa pili katika nyumba hiyo ya mtaa wa Al-Malqa. Bibi yake Samia alikimbia Unguja mwaka 1964, na Kiswahili hakikukatika kwao. Madam na mfanyakazi wake wakaelewana vizuri, ingawa kila mmoja alikiona Kiswahili cha mwenzake kichekesho.

Mfalme hakumvutia Rispah sana. Lilikuwa jitu la masharubu, lipendalo kuwinda, lililotawala kwanza ufalme mdogo uliokuwa na makao Turin. Ili aipate Italia alihitaji jeshi la Wafaransa, nao hawakuja bure. Akawaachia Savoia, milima ambako ukoo wake ulianzia.

Rispah akaisimamisha pasi. Akauliza kama watu wa huko waliulizwa.

"Waliulizwa," Samia akasema. "Mkataba ulitiwa sahihi Machi, kura ikapigwa Aprili. Karibu wote wakasema ndiyo."

"Kwa hivyo waliulizwa mambo yakiwa yameisha."

Samia akasema ndivyo, akafungua ukurasa mwingine.

Haukupita muda, Yazid, mumewe Samia, akapata kazi Bandari ya Jeddah. Wangehama baada ya Ramadhani. Rispah alifunga vyombo kwenye maboksi akiamini naye anakwenda, mpaka siku Huda, dada yake Samia, alipokuja kutoka Al-Suwaidi, mtaa mwingine wa Riyadh, kunywa kahawa. Huda alimwonyesha Rispah kwenye simu picha ya chumba nyumbani kwake, akamuuliza kama kitanda kile kitamfaa. Nyumba ya Jeddah ni ndogo, akaeleza, na karatasi za kuihamisha ikama yake, kile kibali cha kuishi na kufanya kazi, kwa kafili mpya, yaani mdhamini, ambaye ni mumewe Huda, zimeshapelekwa.

Rispah alisema chumba ni kizuri. Akarudi jikoni, akaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Hakulia. Alichosikia ni aibu, kama mtu aliyefumaniwa akidukiza habari za watu, na habari zenyewe zilikuwa zake.

Mgeni alipoondoka, Samia alimfuata Rispah jikoni. Akamweleza kwa upole kuwa Huda ni mtu mwema na kazi kwake si nyingi.

"Waonaje, Rispah? Umeridhika?"

Rispah alijua jibu linalongojewa. Alijua pia kwamba wenzake waliokataa mambo kama hayo walirudishwa kwa wakala, wakaishia kwenye nyumba mbaya zaidi.

"Hapana, madam. Huda sina neno naye. Lakini mkataba wangu unaisha mwezi wa kumi. Nitaumalizia kwenu, ama mnirudishe nyumbani sasa."

Samia alimtazama kama aliyesemeshwa na kabati. "Mie nimekuweka kama mdogo wangu," akasema.

Rispah akaendelea kupanga vikombe. Hilo lilikuwa kweli, na halikubadilisha kitu.

Yazid, asiyependa mvutano ndani ya nyumba yake, alikwenda akaziondoa zile karatasi za uhamisho bila kusema na mtu. Huda akasusa. Samia naye akabakiza maneno ya kazi tu, tena kwa Kiarabu: yalla, halas, mafi, yaani haya, basi, hakuna. Mhadhara ulitolewa, Rispah hakuambiwa ulikwendaje, ila alimkuta madam amelala kwenye kochi na viatu miguuni, akamvua.

Huko Jeddah Rispah alipewa chumba kisicho na dirisha, ubavuni mwa mashine ya kufulia, na jasho halikumkauka. Hakulalamika, kwa kuwa ndiko alikotaka mwenyewe.

Mwezi wa kumi walimpeleka uwanja wa ndege wote wawili. Samia alimrekebisha mtandio, akamtuma salamu kwao, kisha akamuuliza kama atarudi.

"Acha kwanza nifike," Rispah akasema.

Aliliwaza jambo hilo ndani ya ndege, na kwa miezi kadhaa akiwa Vihiga. Hakurudi.