Sahihi ya Ogola

Ogola alikuja ofisini Agosti 1988, miezi mitano baada ya kumzika mdogo wake Dalmas. Alikuwa na karatasi iliyopigwa alama za vidole gumba na wazee kumi na mmoja wa ukoo wao. Ilisema kwamba Ogola ndiye atakayesema kwa niaba ya nyumba ya Dalmas.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu nitoke chuoni. Wakili niliyemfanyia kazi alikuwa mgonjwa, naye aliweka sahihi karibu kila nilichomwandikia.

"Mjane yuko wapi?" nikauliza.

"Seline? Bado ako kwa maombolezo. Hawezi toka boma mpaka desturi iishe." Akanitazama. "Kwani wewe, bwana, umesoma mpaka ukasahau kwenu?"

Sikuwa nimesahau. Mama yangu alikaa hivyo alipofiwa. Niliona vibaya kumwondoa mwanamke katika majonzi yake aje mjini kwa ajili ya sahihi. Nikaandika hati ya madai: mdai, Ogola. Niliandika kwa moyo wote kwamba mnyororo wa kiwanda cha mbao ulikatika, magogo yakamwangukia Dalmas, na kwamba kiwanda kilijua umechakaa.

Kiwanda kilijibu kwa sentensi moja: marehemu alikuwa amelewa.

Desturi ilipokwisha hatimaye, katikati ya 1991, Seline alikuja mwenyewe. Nilimsomea jibu hilo.

"Dalmas alikuwa Msabato," alisema. "Hata chai ya rangi alikataa. Sasa pale soko ya Otonglo wananiita bibi ya mlevi. Bwana wakili, hiyo fidia ikuje ama isikuje. Mimi nataka jaji aseme hakulewa."

"Atasema, Mama," nilimwahidi.

Kesi ilipangwa Juni 1992. Oduor, aliyefanya kazi na Dalmas siku ile, alitoka Pap Onditi alfajiri kuja kutoa ushahidi. Tulimkuta kwenye benchi la mahakama, amevaa tai fupi ya kuazima.

"Huo mnyororo tulikuwa tunafunga na waya, kama mtu anafunga kuku ya kupeleka kwa shemeji," alisema. "Leo nitasema mpaka jaji aombe maji."

Seline alicheka. Sijawahi kumsikia akicheka tena.

Wakili wa kiwanda alisimama kabla shahidi hajaitwa. Alikuwa mpole, hata sauti hakuipandisha. Mdai ni nani? Kaka wa marehemu. Ana hati ya mahakama ya kusimamia mirathi? Hana. Basi ni mke, mzazi au mtoto wa marehemu? Si yeyote kati ya hao.

Nilitoa karatasi ya wazee. Jaji aliisoma jina moja baada ya jingine, kisha akairudisha.

"Wazee hawa nawaheshimu," alisema, "lakini hawawezi kumpa mtu uwezo wa kushtaki kwa niaba ya marehemu. Sheria inamtaka msimamizi wa mirathi, au wale waliomtegemea. Kisheria, kesi hii haikuwahi kuwapo."

Niliomba mjane afungue upya. Jaji alikataa: sheria ilimpa miaka mitatu tangu kifo, na muda huo ulikuwa umekwisha miezi kumi na mitano kabla.

Dakika ishirini, tukawa nje.

"Mimi nilimbeba huyo mtoto mgongoni," Ogola alisema. "Nimemchimbia kaburi. Leo mimi si mtu?"

Nilieleza kwamba kosa ni langu, kwamba nilipaswa kumtafuta Seline tangu siku ya kwanza, na kwamba sikutaka kumsumbua.

Seline alinitazama bila hasira. Hasira ningeiweza.

"Ningekuja," alisema. "Ungetuma mtu tu. Wazee wangekasirika, lakini ningekuja hata kwa miguu."

Oduor alilegeza tai. "Sasa mimi haya maneno yangu nitasema wapi?"

Karani alitoka na faili letu limefungwa kamba, akalipeleka kwenye chumba cha kesi zilizokwisha. Seline alilifuata kwa macho mpaka mlango ukafungwa.

"Na ile ya pombe," akaniuliza, "wameifuta?"

"Hapana, Mama. Iko humo ndani."

"Na yetu, kwamba hakulewa?"

Yetu haikuwa imeandikwa popote.